Tope Chini, Maji Juu

Marehemu, aliyejulikana kwa wengi kama Mashine, alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Anayewasomea haya ni dada yake wa katikati. Aliombwa aseme mema tu. Atajitahidi.

Alimaliza sekondari mwaka 1975. Akili alikuwa nazo, hilo hakuna wa kulibisha. Lakini alikuwa radhi kuchapwa viboko mbele ya darasa zima kuliko kutamka neno "nimekosea". Walimu walichoka, yeye hakuchoka.

Mwaka 1979 aliajiriwa kwenye maabara ya kiwanda cha rangi, baadaye akamwingiza na mdogo wake. Walipima pH, yaani uchachu, ya udongo mweupe uliokorogwa na maji. Siku moja, ndoo ile ile, mkubwa akapata 5.9, mdogo 6.8. Mkubwa alikuwa amezamisha kijiti cha kipimo kwenye tope lililotuama chini. Mdogo alikiweka kwenye maji safi ya juu. Kuulizana? Thubutu! "Mashine haidanganyi," marehemu alimwambia bosi. "Anayedanganya ni huyu." Mdogo akafukuzwa kazi, eti anabuni namba. Jamani, tumbo moja!

Mwaka 1986 alimwoa mshonaji nguo, mwanamke mwenye subira ya ajabu. Kila mwaka wifi huyu aliwaandalia ndugu hawa meza moja, na kila mwaka marehemu aliinuka na sahani yake kwenda kula jikoni.

Figo zilianza kumsumbua mwaka jana. Mdogo wake alikuja wodini, akasimama mlangoni. "Kaka, mimi nilipima juu. Wewe ulipima wapi?" Marehemu akageukia ukuta. Alifariki Jumanne, tarehe 14 mwezi huu.

Juzi, hapa hapa msibani, fundi wa vipimo alimweleza dada mtu: chembe za udongo huivuruga mashine. Chini itasema hivi, juu itasema vile, na mwongo hayupo. Ilitosha kila mmoja kusema amepima wapi. Neno moja tu! Dada alilia kwa hasira, na hasira hiyo anayo mpaka sasa.

Ameacha mjane, mabinti wawili, dada mmoja, na mdogo wake. Marehemu aliagiza huyu wa mwisho asitajwe, wala asiguse koleo kaburini. Basi ametajwa. Sogea mbele, kitinda mimba, koleo uanze wewe.

Naye apumzike kwa amani, ile ile aliyotunyima.