Kabati la Meno ya Papa

Zimeni hiyo redio, wanangu, mkae. Wewe binti yangu kaa hapo kitandani karibu na miguu yangu, na wewe mdogo wake acha kuegemea mlango kama mtu aliyekuja kusoma mita. Leo hukuitwa kama fundi umeme, na kiti kipo. Daktari wa asubuhi amesema nisiongee sana. Nimemjibu kwamba nimenyamaza muda wa kutosha, na kilichotokana na kunyamaza kwangu ni ndugu wawili wanaopishana koridoni mwa nyumba ya baba yao kama wagonjwa wa wodi mbili tofauti. Basi nitasema sasa, pumzi ikiwa bado ipo, na naomba msinikatize, maana uzi ukinipotea sina nguvu za kuutafuta.

Mambo ya nyumba na kiwanja cha nyuma yako kwa wakili, yameandikwa, hayana ubishi. Nimewaita kwa ajili ya lile kabati la vioo sebuleni. Kwa sababu yake hamjasemeshana tangu siku chache baada ya kumzika mama yenu, na mimi sitaki kufa nikiwaachia ukimya huo mgawane.

Nianze pale mambo yalipoanzia, kwa sababu kila mmoja wenu anajua nusu yake. Nilipoajiriwa maabara ya maji nilitumwa kuchota sampuli katika kile kijito cha nyuma ya mashine ya kusaga. Mama yenu, wakati huo mwalimu wa jiografia, alikuwa likizo na amechoka kukaa ndani, akasema atanisindikiza. Alichovya mkono majini aoshe tope kwenye kandambili yake, ukatoka na kitu cheusi chenye pembe tatu, kinang'aa, makali yake yana vijino vidogo kama vya msumeno. Mimi nikasema ni kipande cha chupa. Akanitazama juu hadi chini, akasema, "Mkemia mzima, shahada ukutani, hujui jino ukiliona?"

Lilikuwa jino la papa. Kutoka pale hadi baharini ni safari ya kutwa nzima kwa basi, lakini zamani sana, kabla ya mtu yeyote kuwapo wa kuishuhudia, bahari ilikuwa hapo hapo, ikarudi nyuma, na mabaki ya wanyama wake yakasalia udongoni yakageuka mawe. Kuanzia siku ile Jumamosi zangu zilikwisha. Tulivaa gambuti, tukachukua chekeche, tukachekecha changarawe mpaka migongo ikakataa. Majirani walidhani tunatafuta dhahabu, na walipoambiwa ni visukuku, mabaki ya samaki waliogeuka mawe, walituonea huruma. Mimi sikuyapenda meno mwanzoni. Nilipenda kumwona mama yenu amechuchumaa majini, sketi ameipachika kiunoni, anatikisa chekeche na kusema na mawe kama anavyosema na wanafunzi wazembe: haya, wewe nani, simama tukuone.

Sasa nisikilizeni kwa makini kuhusu trei, maana ugomvi wenu uko hapo. Kila kona ya kijito hukata tabaka lake la udongo, kwa hiyo jino bila mahali lilipotoka ni kama sampuli ya maji isiyojulikana imechotwa kisima gani. Unaweza kuitazama, huwezi kuisoma. Nilitaka tuandike namba kwa wino juu ya kila jino. Mama yenu alikataa kabisa, akasema huwezi kumchanja mtu chale usoni eti kwa sababu unaogopa utasahau kwao. Badala yake alileta trei za mayai. Kila trei ilikuwa kona moja, kila kishimo mahali pake, kuanzia juu ya kijito kwenda chini, na mpangilio wote ulikaa kichwani mwake. Alipoondoka, kichwa hicho kiliondoka naye. Zilibaki trei peke yake.

Mdogo mtu alikua ndani ya kijito kile. Tulimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Dada yake alikuwa na pumu, na maji yale ni baridi, basi kila Jumamosi aliachwa kwa shangazi yenu na vitabu vyake. Tukirudi alikuwa mlangoni, hata viatu hatujavua, anauliza, "Mmepata nini?" Mama yake alimwonyesha moja au mawili, mengine yakaenda moja kwa moja kwenye trei. Dada mtu akasoma, akawa mfamasia, akaenda kufanya kazi ng'ambo. Nyumbani kwake hata chumvi na sukari zimepangwa kama dukani kwake.

Mama yenu alipofariki, binti yangu, ulifika ukakuta kaburi limekwisha kufunikwa. Hapo nataka jambo moja liwekwe mahali pake. Mdogo wako hakuharakisha maziko. Mama yenu mwenyewe, siku zile za mwisho, aliniambia huku akicheka, "Asisubiriwe mtu. Mimi kulazwa kwenye friji kama samaki sitaki." Mimi ndimi niliyemwagiza kijana achimbishe kaburi, na yeye alitii, na hakujitetea ulipomrushia lawama kwa sababu alidhani mzee hana hali ya kusumbuliwa. Hilo limekwisha.

Na wewe, kijana wangu. Uliingia sebuleni ukakuta trei za mayai zimetupwa, na mahali pake pana kabati la vioo, meno ya papa rafu yake, yamepangwa kutoka kubwa hadi dogo, mabamba ya meno ya taa, yule samaki bapa anayesaga makombe, rafu yake, makombe rafu yake, vyote vinang'aa. Ukamwambia dada yako, "Umemzika mama mara ya pili." Naye akakujibu, "Wewe ulimzika mara ya kwanza bila kunisubiri." Nilikuwa chumba hiki hiki. Kuta za nyumba hii mnazijua.

Lakini usilolijua ni kwamba dada yako hakuyaosha meno yale peke yake. Alizipanga trei juu ya meza ya chakula, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu na mswaki mpya, akaketi. Mimi niliketi mbele yake. Jino la kwanza lilipotoka kwenye kishimo chake nilijua nini kinapotea. Nimefanya kazi ya maabara maisha yangu yote, sikuhitaji kuelezwa. Nilifungua mdomo niseme. Yeye akanitangulia, akaniuliza, "Baba, hili alilipata lini?" Nikamweleza. Ilikuwa siku mama yenu alipozama kwenye tope hadi magotini, na badala ya kunyoosha mkono nimvute akaninyooshea jino kwanza. Dada yako akacheka. Akachukua la pili, akauliza tena. Siku nilizikumbuka zote, kona sikuzikumbuka. Alikuwa hajalia tangu afike. Akaanza kulia mswaki ukiwa mkononi, na hakuacha kusugua. Nikainuka, nikaleta taulo, nikawa nayakausha.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Yeye aliosha, mimi nilifuta. Silihesabu hilo kuwa kosa, lake wala langu. Nilipima: upande mmoja mpangilio wa trei, upande wa pili binti ambaye hakumuuguza mama yake, hakumwona, hakumfunika. Nikachagua. Ningerudishiwa siku ile ningechagua vilevile, ila taulo ningelileta mapema. Kwa hiyo kama una neno la kusema juu ya kabati lile, kijana, liseme kwangu, na uliseme upesi.

Mtaalamu wa makumbusho alikuja mwezi uliopita, akalitazama kwa adabu, akasema ni mapambo mazuri sana. Neno hilo liliniuma. Lakini ni neno sahihi, na sikumnyima chai.

Sasa niliyoamua. Kabati ni lako, kijana. Najua hulitaki, ndiyo maana nakupa wewe. Liweke nyumbani kwako palipo na mwanga, usihamishe jino hata moja, maana mpangilio ule ni mkono wa dada yako na mazungumzo yangu naye, na kila ukilitazama utajua hilo. Chekeche, koleo na gambuti za mama yenu ni za dada yako. Usinitazame hivyo, mama. Pumu yako siku hizi ina dawa, na mwenye duka la dawa ni wewe.

Nilisikia pia, kijana, ukimwambia mkeo kwamba heri meno yale yamwagwe kijitoni yalikotoka. Nakataza. Hatujui yalitoka kona ipi, na kesho mtu mwingine atachuchumaa pale, ataokota, na ataamini yupo mahali sahihi. Hatuwezi kumdanganya mtu ambaye hata hatumjui. Kwa sababu hiyo hiyo msije mkanitia jino jenezani kwa huruma. Nizikeni kando ya mama yenu na shati langu la kawaida.

Nipe maji kidogo. Kidogo tu... Inatosha.

Kijito hakijaisha. Kila mvua inakata kingo upya, na mwenye kuzijua kona zote kwa miguu yake sasa ni wewe peke yako, kijana. Dada yako anajua kutunza kitu. Mpeleke. Umwonyeshe pa kukanyaga. Anzeni trei mpya, na akitaka kuandika kwa wino juu ya kila jino mwache aandike... mama yenu hayupo wa kumkatalia.

Radhi zangu mnazo, zote, sikubakiza. Mungu awape afya na subira ya kuvumiliana... na wajukuu wangu wasije wakaulizwa shangazi yao nani, mjomba wao nani. Sina... sina lingine kubwa.

Ulisema nini? Sijasikia vizuri. Na usiniambie mimi, mwambie yeye, uko hatua moja kutoka alipo.

Eeh. Umemuuliza likizo yake ijayo inaanza lini.

Mjibu basi, binti yangu. Mjibu... Nimefumba macho tu. Nasikia.