Pipa Nililolifuta Fuvu

Ndugu zangu wa ushirika huu, kabla hamjanipigia makofi nisikieni kwanza, maana mkijua nilichofanya huenda mkaniambia niketi.

Mnanijua, mimi ni yule muuza mapipa wa mtaa wa Baba Dogo. Tunayatoa viwandani yakiwa matupu, tunayaosha kwa jivu na sabuni ya unga, watu wanayanunua ya kuwekea maji. Kipimo chetu kilikuwa pua. Unaingiza kichwa ndani, unavuta pumzi, kama hakuna harufu basi ni safi. Mnacheka nini? Nyumbani kwenu mnayo!

Mwaka ule nilikuwa nimemzika mke wangu, nikamzika na Mungu pia. Nikawa nawaambia wenzangu, "Hakuna anayeona. Dhamiri ni woga wa majirani tu." Nilibishana mpaka mchungaji akawa ananikwepa.

Asubuhi moja nikamuuzia mama mmoja wa Mathare pipa la buluu. Lilikuwa la dawa ya kuua wadudu, na alama ya fuvu nilikuwa nimeiparua kwa msasa, kwa mikono hii. Lakini pua ilisema liko sawa. Mama akanishukuru, akalibingirisha akaenda zake.

Nikaketi ninywe chai. Kikombe nikakiinua, nikakitua. Hakuna aliyeniona, jamani! Mama hanijui jina, na mtoto akiugua watalaumu maji ya mfereji. Nilikuwa huru kabisa. Sasa nani alikuwa ananisuta? Nilishtuka, kwa sababu aliyekuwa akibishana nami alikuwa ndani yangu, na hakuwa mimi.

Nikaacha chai nikakimbia hadi Mathare. Nikauliza mlango kwa mlango, "Mmeona mama na pipa la buluu?" Nikamkuta ameshalijaza, na binti yake mdogo ana kikombe mdomoni. Nikakipiga kikaruka. Kisha nikalipindua pipa lote.

"Wee! Una wazimu? Maji yangu!"

Majirani wakatoka, mmoja ana rungu.

"Mama, hilo pipa ni la sumu. Nilijua. Nilifuta alama."

Aliniangalia, akamwangalia mtoto. "Na nani amekutuma urudi?"

 Nikalia pale kwenye matope, mbele ya watu.

Kaka yangu anasema ni malezi tu. Labda. Lakini malezi yalinifunza kuogopa watu, na siku ile hapakuwa na mtu wa kuogopa. Siwezi kumthibitisha Mungu ubaoni. Najua tu kwamba nilitumwa.

Namshukuru mama yule, aliyemzuia jirani mwenye rungu. Nawashukuru nyinyi mlionipokea bila kunihubiria. Siku hizi pipa lenye fuvu tunalitoboa, haliuzwi.

Nawaambia, ukiisikia sauti ile usingoje kujua ni ya nani. Nenda kwanza. Ningemaliza chai yangu, leo kungekuwa na kaburi fupi mahali fulani, na hakuna ambaye angejua kwamba mimi ndiye niliyelichimba.