Jiwe ya Dario na nyumba ya Lionel

Benchi yangu iko na miguu mitatu na tofali moja, pale njia ya soko ya Bunia inapokutana na ile ya kushuka mutoni Nyamukau. Mimi ni Godelive, napika kahawa, na mutu asinidanganye eti kuko kahawa kuzidi yangu. Mwaka ule wa vita hata wenye kukimbia walisimama kwanza wakameza kikombe. Siku ile shule ilikuwa imefungwa, na mbele kidogo wenye bunduki walikuwa wamekaza kamba yao katikati ya barabara, ndiyo bariere. Kwenye benchi walikaa watatu wa kila siku. Prof, ndiye Aristide, mwalimu bila wanafunzi. Redio, ndiye Vahwere, aliyechimba dhahabu Bambu na hajui kufunga kinywa. Na Kaporali, ndiye Xavier, askari wa zamani, chef wa avenue yetu, ndiye mukubwa wa mutaa. Mwisho wa benchi, peke yake, alikaa ule mutu aliyerudi. Alisema yeye ni Lionel. Shida ni moja: Lionel tulikuwa tumekwisha kumuzika.

Mwili haikupatikana. Kaporali ndiye alileta habari kwamba Lionel ameuawa njia ya Bule. Basi tulikata mugomba urefu wake, tukaufunga ndani ya shuka, tukalia, tukauzika, vile tunafanya mutu akipotea. Tangu kilio Kaporali analinda nyumba ya marehemu. Analala mule.

Sasa huyu. Sura ni ya Lionel, mutu aliyekunywa kahawa kwangu miaka na miaka, akiniita kwa jina. Lakini sauti imekauka, na kofia yake ya sufu ameivuta mpaka chini ya masikio, hata jua ikichoma. Mukubwa wa bariere alikuwa ametuma neno: kabla jua kushuka, chef aje na shahidi mumoja, waseme huyu ni nani. Kama si Lionel, basi ni mutu wa upande ule wa adui amejificha ndani ya jina ya marehemu. Mutu wa namna ile tulijua wanamupeleka wapi. Lakini unafikiri hawa wanaume walizungumuza ju yake? Walizungumuza ju ya Waajemi.

Ni kosa ya Prof. Alikuwa na kitabu ya wafalme wa Uajemi, ile aliokota mu matope siku shule iliporwa.

— Narudilia, Prof alisema. Mufalme Kambise alimuua ndugu yake Bardiya kwa siri. Halafu mutu akatokea, sura moja na Bardiya, akasema mimi ndiye. Watu wakamukubali. Mpaka Dario na wenzake wakamuua, na Dario akakaa kwenye kiti.

— Alifanya vizuri, Kaporali akasema. Ule alikuwa mwongo.

— Nani anasema alikuwa mwongo?

— Weye mwenyewe umesoma. Dario alichongesha maneno yake ju ya mulima, kwa jiwe. Jiwe haidanganyi.

Redio akacheka na pua.

— Jiwe iko na kinywa? Si Dario ndiye alilipa wenye kuchonga?

— Hapo sasa, Prof akasema. Wakati nasoma Kisangani nilipata kitabu ingine, inasema kinyume kabisa. Inasema ule alikuwa Bardiya wa kweli. Dario aliua mutoto wa mufalme, halafu akatunga maneno. Wagriki wakameza, wakatia chumvi yao. Na Wagriki walipigana na Waajemi, sasa unafikiri wataandika nini? Vile jirani uliyegombana naye anasema ju yako. Na leo wenye kuandika vitabu ya kuuzisha wanachagua tu ile inatisha.

— Inatisha namna gani?

— Eti ule mwongo alikuwa amekatwa masikio zamani. Bibi yake akamupapasa akilala, mu giza, akakuta hakuna kitu.

Hakuna mutu aligeuka. Lakini niliona ule wa mwisho anainua mikono miwili polepole, anakaza kofia yake chini.

— Mimi nasema hivi, Redio akaanza, sauti imeshuka. Bardiya alikufa kweli. Na ule aliyerudi, ni Bardiya pia. Kule Bambu shimo ilifunika mwenzetu, tukachimba, hatukumupata. Mwezi ule ule akakuja kuomba sigara. Nikamuwashia mimi mwenyewe. Anavuta, anavuta, moshi haitoki.

— Ile si historia, Prof akasema.

— Na masikio ndiyo historia?

— Mamajusi, Kaporali akasema. Kitabu inawataja. Wale wanaweza kuvalisha mutu sura ya mwingine. Wanataka tu kitu moja ya marehemu, shuka yake hivi. Akanywa kahawa, akaendelea. Jana nilipita makaburini. Ule mugomba tulizika, umeota.

— Mugomba bila muzizi?

— Majani mawili.

Prof akafunga kitabu. Mimi hasira ilinipanda, ju niliona kule wanakwenda. Walikuwa wanamuua mutu na huku wanaomba sukari.

— Kunyweni, nikasema. Jua inashuka.

Hapo ndipo mwanamuke mumoja akasimama mbele yetu, godoro ju ya kichwa, sufuria mu mukono. Alikimbia kutoka Bule, jina yake Estelle, hakujua hata mutu mumoja Bunia. Nikamupa kikombe, Redio akasogea, akakaa. Akawasikiliza wakirudi tena kwa Dario na Bardiya. Nafikiri aliona Dario na Bardiya ni watu wa kartie yetu, wa mutaa huu huu.

— Samahani, baba, akamuambia Prof. Ule aliyekufa, nani aliona maiti yake?

Prof akafungua kitabu, akageuza kurasa, akarudi nyuma.

— Hakuna. Ni Dario ndiye alisema.

— Na nyumba yake, nani alibaki nayo?

Prof akamutazama Kaporali. Redio alikuwa anatazama miguu yake. Estelle akatutazama mumoja mumoja, akaogopa, akaomba musamaha bila kujua ya nini.

Kaporali akasimama, akapangusa suruali.

— Tuende, Prof. Wanataka watu wawili.

— Mimi sikuona maiti, Prof akasema.

— Redio.

— Hata mimi.

Akaenda peke yake. Tulimuona kule kwa kamba, anazungumuza, mukono yake inatuonyesha. Halafu mukubwa wa bariere akakuja naye, bunduki ju ya bega, akasimama mbele ya benchi.

— Huyu ni nani?

— Nimekwisha kusema, Kaporali akaanza.

— Sikukuuliza weye.

Prof akasimama, kitabu ikaanguka chini.

— Ni Lionel, akasema.

— Lionel, Redio akasema.

Mukubwa akanigeukia. Nitasema kweli: sikujua. Lakini nilikataa mutu auawe kwa neno ya ule analala mu kitanda yake.

— Ni Lionel, nikasema. Anakunywa kahawa kwangu zamani sana.

Ule mukubwa akatuachia mutu wetu, akarudi kwa kamba yake. Kaporali alitoa godoro yake mu nyumba ile mbele ya giza kuingia, na avenue nzima ilisimama inamutazama, hakuna aliyemusaidia kubeba.

Asubuhi ule mutu alikuja wa kwanza. Hakukaa mwisho, alikaa katikati ya benchi. Nikamimina, nikamupa. Akashika kikombe mikono yote miwili, akanitazama sana, na uso wake ilikuwa ya mutu anayesikia haya.

— Mama, samahani. Jina yako nani?

Nilimuambia. Akairudilia polepole, tena, tena, mpaka akaijua.