Mdogo Wetu, Fundi wa Mabomba, na Ufa wa Jikoni

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma niwasomee maisha ya mdogo wetu, fundi bomba mliyemwita Fundi Taratibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, nyuma ya karakana ya reli, kitindamimba wa dobi na mshonaji, akasoma chuo cha ufundi akiwa msichana pekee darasani, na tarehe 2 Mei 1980 akaajiriwa hospitalini, idara ya matengenezo, ambako alikutana na seremala, akaolewa naye mwaka 1984, wakajaliwa binti mmoja.

Yanayofuata aliagiza mwenyewe yasomwe, wala tusiyapambe.

Tarehe 17 Juni 1991, saa nne asubuhi, jiko la hospitali lilinuka gesi, na juu yake ndipo ilipokuwa wodi ya watoto, binti yake akiwamo, mguu umefungwa plasta. Majiko yalizimwa, madirisha yakafunguliwa, lakini koki kuu ilikuwa imeganda kwa kutu. Msimamizi akamhimiza, "Kaza hiyo elbo, dada, gesi inatoka kwenye hesi!" Marehemu alipaka povu la sabuni kuzunguka elbo, kile kiungo cha bomba kilichopinda, akasubiri, akaona mdomo wa hesi, zile nyuzi za kuskrubia, umetulia, ila mapovu yanachemka mgongoni mwa elbo, kwenye ufa mwembamba kama unywele, kwa kuwa kuna mtu aliwahi kuikaza kupita kiasi. "Nikikaza inakatika, bosi," alisema, "washushe watoto kwanza."

Wakati wauguzi wakiwabeba, yeye alibaki na koki, akaimiminia mafuta, akaisogeza kidogo mbele, kidogo nyuma, akimsikia binti yake akilia ngazini, "Mama yuko wapi?", asithubutu kuitikia, mkojo ukimtiririka miguuni, hadi koki ikafunga. Kila mwanafunzi aliyemfundisha ufundi, marehemu alimsimulia hayo, mkojo na vyote, akiongeza, "Ogopa, lakini usikisie."

Alistaafu mwaka 2016. Oktoba 2022 alianza kukohoa damu, akapimwa, mapafu yakakutwa na saratani, na katika miezi hiyo alilala ameshika mkono wa mumewe, akituuliza kama kufa kunauma. Alifariki tarehe 4 Februari 2023, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwambia ukweli, majirani mliompikia uji, na mafundi wenzake mliombeba mpaka kwenye gari alipokuwa hawezi tena kutembea.

Pumzika kwa amani, mdogo wetu, maana sasa wenye kuogopa ni sisi.