Kreti ya Soda kwenye Sanduku la Barafu

Jumamosi ile Milcah alifika kijiweni petu Mishomoroni, kwenye benchi la kahawa, akatuomba tumwangalizie sanduku lake la barafu, lenye samaki wa kuuza, ampeleke mamake kliniki. Alipopinda kona tu, tukalifungua. Tulikuwa na kreti ya soda iliyoshinda juani, na kiu imetukaba. Tukazizika chupa zote kwenye barafu, juu ya samaki wake, tafi wabichi. Baadaye tukanywa soda baridi kweli kweli, tukarudisha kifuniko. Alasiri Milcah akarudi, akafunua, akakuta maji ya uvuguvugu na samaki wameanza kunuka.

— Jamani, barafu yangu imekwenda wapi?

Tinga, tuliyemwita Profesa, akawahi:

— Barafu ya siku hizi ni maji ya kisima, dada. Chumvi yake huila.

— Si chumvi, akasema Nzai, fundi wa mafriji. Sanduku lina ufa. Baridi imevuja.

— Imevuja ikaenda wapi? akauliza Milcah.

— Chini. Baridi ni nzito. Kanyaga hapo, utasikia ardhi imepoa.

Profesa akavua kiatu, akakanyaga kweli. Nami, nikiogopa kimya changu kisinisaliti, nikadakia:

— Au ni samaki wenyewe. Samaki akivuliwa akiwa na hasira, joto halimtoki hata afe.

Hakuna aliyecheka. Milcah akainamisha kichwa.

— Basi kosa ni langu, ningeweka barafu zaidi. Nisameheni kwa harufu, ndugu zangu, nanyi mmenilindia mchana kutwa.

Uso uliniwaka. Sikujua niuelekeze wapi.

Hapo akaja Quinter, mpangaji mgeni wa nyumba ya pili, amefuata samaki. Akachungulia sandukuni, kisha akaziona chupa tupu chini ya benchi.

— Hizi soda mlizinywa zikiwa baridi?

— Baridi sana, akajibu Profesa kabla hajafikiri.

— Na asubuhi nikipita niliziona hapo juani. Sasa joto lake lilienda wapi?

Nzai, ambaye kuhamisha joto ndiyo kazi yake ya kila siku, akazisukuma chupa kwa kisigino nyuma zaidi ya benchi. Milcah akaokota chupa moja. Akabandua gamba la tafi lililokaukia shingoni mwa chupa, akalishika kwenye ncha ya kidole, akitungoja.