Nywele na Nyimbo za Kubembelezea

Basi lilipotoka Kahama, Anisia, aliyekuwa anarudi nyumbani Ushirombo, alikuwa amekaa nyuma ya wanafunzi wawili wa chuo kikuu waliokuwa wametoka kufahamiana. Mwigulu alikuwa anakwenda Geita kupima nywele za wanawake wanaosafisha dhahabu kwa zebaki, aone sumu hiyo imewaingia mwilini kiasi gani. Elieth alikuwa anateremka Ushirombo kurekodi nyimbo za Kisumbwa za kubembelezea watoto. Kila mmoja aliuonea huruma utafiti wa mwenzake.

"Ni kazi nzuri, dada, ila wimbo hauokoi mtu," Mwigulu alisema.

"Na wewe ukishawapima, wanapona?"

"Hapana. Lakini anayejua mapema anaweza kuacha."

"Bibi akifa na wimbo wake, utapima nini hapo?"

Walibishana kwa upole. Nyuma yao Anisia alitazama vidole vyake, ambavyo kwa miezi sasa vilikuwa vinatetemeka. Alikuwa akishika zebaki kwa mikono mitupu machimboni, na nyumbani alikuwa amesema ni uchovu tu.

Aliinama mbele. "Mwanangu, mnawapima wa Geita peke yao?"

Mwigulu aligeuka. "Shikamoo, mama. Tunampima yeyote anayeshika zebaki."

"Marahaba," Anisia alijibu.

Ushirombo basi liliposimama, alimshika Elieth mkono. "Ulizia kwa mama yangu, Bibi Asteria, karibu na misheni. Nyimbo hizo anazijua. Mwambie Anisia amepitiliza, atarudi kesho."

Kisha akakaa tena, akamwomba konda tiketi ya Geita.