Dakika Nne za Bi Una Corrigall

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Visiwa vya Skarrey, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, waheshimiwa madiwani, mlio madarakani na mliopumzika, Mchungaji, ndugu wageni waalikwa mliovuka maji asubuhi hii na upepo huu, wafanyakazi wenzangu, na wewe, Bi Una Corrigall, ambaye shughuli hii ni yako ingawa umekaa karibu na mlango kama mtu aliyekuja kufuata mwavuli wake: habari za mchana.

Naitwa Sorcha Linklater, karani wa ofisi ya uchaguzi. Desturi ya ofisi yetu, kama mjuavyo, ni kwamba aliyeajiriwa mwisho ndiye humsemea anayestaafu, kwa hoja kwamba huyo ndiye ambaye bado hajapata muda wa kuweka kinyongo. Hotuba hii nimeiandika mara sita. Zile tano za kwanza zilikuwa nzuri zaidi, na salama zaidi. Naomba mnivumilie, maana kipaza sauti hiki kinatangaza hata mlio wa karatasi.

Kwenye ratiba mliyopewa mlangoni, ukurasa wa pili, chini ya picha ya Bi Una akiwa na nywele nyeusi, imeandikwa hivi: "Katika miaka thelathini na mmoja ya kusimamia chaguzi za Skarrey, Bi Una alikosea mara moja tu." Nimewaona mkicheka mlipoisoma. Nimewasikia wengine mkinong'ona lile jina ambalo mji huu umempa tangu Mei mwaka jana, Bi Dakika Nne. Ni jina la utani, halina ubaya, na yeye mwenyewe huliitikia sokoni bila kununa. Nitalirudia baadaye. Kwanza niruhusuni niwaambie nilichokiona.

Nilipofika ofisini, nikiwa na shahada yangu na koti jipya, nilidhani uchaguzi ni hesabu. Nilidhani watu huandika namba, mashine husoma namba, mtu husimama jukwaani akatangaza namba. Ijumaa ya uchaguzi wangu wa kwanza, saa mbili asubuhi, Bi Una alinichukua hadi gatini kupokea sanduku la Hunsay, kile kisiwa chetu cha mbali chenye wapiga kura arobaini na mmoja. Mvua ilikuwa inapiga kwa ubavu. Nahodha alilishusha sanduku, Bi Una akalipokea kwa mikono miwili, akasema, "Karibuni mjini."

Nikamuuliza, "Bi Una, unasema na nani?"

"Na watu wa Hunsay," akanijibu. "Arobaini na mmoja. Wamekuja ndani ya sanduku kwa sababu gati letu ni dogo."

Nahodha akaongeza, "Na kwa sababu wakija wenyewe watamaliza bia yote."

Nilicheka. Lakini tulipofika kwenye ukumbi wa michezo wa shule, masanduku yakafunguliwa, karatasi zikamwagwa mezani, kicheko kiliniisha. Je, mmewahi kuzitazama karatasi zile kwa karibu? Ipo iliyokunjwa mara nane hadi ikawa ndogo kama kipande cha sukari. Ipo yenye duara la kikombe cha chai. Ipo yenye alama ya dole gumba, matope matupu, ya mtu aliyetoka moja kwa moja kwa kondoo wake. Na kwenye kila moja kuna namba, moja, mbili, tatu, zilizoandikwa kwa penseli iliyofungwa kwa uzi, na mtu aliyefikiri: nani nimtake kwanza, na huyo akiwa hanihitaji, kura yangu iende kwa nani? Kwetu kura haifi kirahisi. Mgombea akipita kiwango, yaani idadi ya kura inayotosha kumpa kiti, ziada yake hugawanywa vipande, na kila kipande huenda kulitafuta chaguo la pili la mwenyewe. Mgombea akitolewa, waliompenda huinuka na kuhamia kwa mwingine. Nilikaa mbele ya mashine nikiona watu wa visiwa vizima wakihama hivyo, hatua kwa hatua, kimya.

Sasa nakuja kwenye Kata ya Visiwa vya Nje, Ijumaa hiyo hiyo ya Mei mwaka jana. Wengi mlikuwepo. Viti vitatu, viwili vilipata wenyewe mapema. Kiti cha tatu kilibaki kati ya Bwana Torquil Baikie, aliyekuwa diwani kwa miaka kumi na tisa na ambaye yuko nasi leo, na Bi Inga Sclater, fundi wa injini za feri, ambaye leo ni Mheshimiwa Inga na amekaa pale mbele. Kura halali zilikuwa elfu mbili mia tatu tisini na tisa. Kiwango, mia sita. Na mwisho wa hatua zote mashine ilisema Bwana Torquil amemshinda Bi Inga kwa sehemu thelathini na moja ya mia moja ya kura. Wala si kura moja nzima. Theluthi ya mtu, tuseme, tangu magotini kwenda chini.

Bi Una alikuwa ameshapanda ngazi za jukwaa na karatasi ya matokeo mkononi, amevaa vile viatu vyake vya kutangazia. Wagombea walikuwa wamejipanga nyuma yake. Na mnajua sheria: matokeo yakishatamkwa kinywani mwa msimamizi, hayarudi tena isipokuwa mahakamani.

Mnakumbuka alichofanya. Alifungua kinywa, akakifunga, akashuka ngazi mbili, akapanda tena, akasema kwenye kipaza sauti, "Mabibi na mabwana, nimefanya kosa. Iko karatasi iliyokataliwa isivyostahili. Matokeo hayasomwi mpaka irudishwe."

Bwana Torquil akapaza sauti, "Una, soma basi! Feri yangu inaondoka saa kumi!"

"Basi leo utalala mjini, Torquil. Dada yako ana kitanda."

"Dada yangu kampigia kura Inga!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mashine ikaanza upya. Karatasi moja ilifanya kura kuwa elfu mbili mia nne kamili, kiwango kikapanda kuwa mia sita na moja, na kwa kuwa kiwango kimepanda, kila ziada ikabadilika, na kila kipande cha kila mtu kikapimwa tena. Zilikuwa dakika nne. Zilipokwisha, Bi Inga alikuwa mbele kwa sehemu sitini na tatu ya mia. Bwana Torquil, ulimpa mkono Bi Inga, halafu ukamgeukia Bi Una na kumwambia maneno ambayo yamezunguka visiwa vyote: "Miaka yote hii, Una, hukukosea hata mara moja. Ukaja kukosea kwangu?"

Naye akakujibu, "Samahani, Torquil. Kwako."

Hayo ndiyo mliyoyaona. Sasa nitawaambia yale ambayo hamkuyaona. Bi Una, naona unatikisa kichwa. Naomba usinisimamishe. Nikikaa chini sasa sitaweza kusimama tena.

Kosa lile halikuwa lake. Lilikuwa langu.

Saa saba mchana siku ile mimi ndiye niliyekuwa kwenye meza ya karatasi zenye shaka, zile ambazo mashine hushindwa kuzisoma na kumwachia binadamu aamue. Supu ilikuwa imetoka, na mikate ya shayiri, na mawakala wa wagombea wote wakakimbilia meza ya chakula. Viti vya nyuma yangu vikawa vitupu. Ikaja karatasi isiyo na namba. Ilikuwa na alama moja ya X, mbele ya jina moja. Na mimi, mwenye shahada, niliyekuwa nimebandika kwa mikono yangu mabango katika vituo kumi na viwili yanayosema "Andika namba, usiweke X", nilijua jibu bila kufikiri. Nikabonyeza: imekataliwa. Ilinichukua sekunde mbili.

Lakini bango ni maneno ya kumwelekeza mpiga kura. Kanuni ya kuhesabu ni nyingine, na inasema kwamba X ikiwa moja tu, na nia iko wazi, huyo ndiye chaguo la kwanza la mtu huyo, na ihesabiwe. Nilikuwa nimefundishwa. Nilikuwa na kadi ya mifano mezani, pembeni ya mkono wangu, nikaweka kikombe juu yake. Niliinua kikombe kile saa tisa na nusu, nikisafisha meza, Bi Una akiwa tayari anapanda ngazi, na pale chini ya duara la chai nikaona picha ya X moja na neno "inakubaliwa".

Ndugu zangu, nani kati yenu amewahi kusikia moyo wake ukianguka mpaka kwenye soksi? Mwanzoni sikukimbia. Naomba mlijue na hilo. Nilisimama na kadi mkononi na nikafikiri: hakuna aliyeona. Nilifikiri kuhusu kodi ya chumba changu, na mama yangu aliyeliambia kanisa zima kwamba nimepata kazi ya halmashauri. Halafu nikakumbuka lile sanduku la gatini. Sijui karatasi ile ilitoka kisiwa gani. Masanduku madogo huchanganywa makusudi ili tusijue. Lakini mtu alivaa viatu, akatoka, akaweka X yake, akarudi nyumbani akiamini amehesabiwa. Ndipo nikakimbia.

Aliponiona akashuka, nami nikamshika mkono wa koti kwenye ngazi ya pili, tukanong'ona.

"Nini tena, mwanangu?"

"Nimekataa karatasi. Ilikuwa na X."

"X ngapi?"

"Moja tu."

"Hakuna alama nyingine?"

"Hakuna. Ilikuwa ya..."

Akaniziba mdomo kwa karatasi ya matokeo. "Usimalize," akasema. "Usiniambie ya nani mpaka nimeshaamua."

Akafumba macho, nadhani kwa muda wa kuvuta pumzi mara moja. Nyuma yake amesimama Bwana Torquil, rafiki wa mume wake, aliyecheza kwenye harusi yake. Mbele yake, watu mia tatu na kamera ya gazeti. Mkononi, matokeo yaliyokamilika, ambayo hakuna mtu angeyatilia shaka. Hakuuliza X ile ilikuwa mbele ya jina la nani. Akapanda, akasema, "Nimefanya kosa." Hakusema "tumefanya", wala "karani wangu amefanya".

Nimesoma vitabu vingi kuhusu haki. Mpaka siku ile sikuwa nimeiona ikipanda ngazi kwa viatu vya kisigino kifupi.

Baadaye nilimkuta kwenye sinki la jikoni la shule, anaosha vikombe. Nikamwambia nitaandika barua, nitaeleza kila kitu. Akanipa kitambaa cha kukaushia.

"Kausha," akasema. "Barua ya nini?"

"Ya kusema ni mimi."

"Msimamizi wa uchaguzi ni nani hapa?"

"Ni wewe."

"Basi kosa ni la kwangu, ndivyo sheria inavyosema. Na hata isingesema: mimi huu ndio uchaguzi wangu wa mwisho, kwako ni wa kwanza. Mtu hawezi kuanza safari akiwa ameshapewa jina la utani. Kausha na hicho."

Nikakausha. Na nikanyamaza, mwaka mzima na zaidi, nikimsikia akiitwa Dakika Nne dukani, gatini, hata kanisani, Mchungaji unisamehe, na kila mara nikimwona akiitikia na kucheka. Nilijiambia kwamba ninamtii. Je, kulikuwa kumtii, au kulikuwa kujificha nyuma ya koti lake? Nimejibu swali hilo mara tano kwenye zile hotuba nyingine, na kila mara nilijipendelea.

Bwana Torquil, nilikupa ushindi usiokuwa wako, na nikamwacha mtu mwingine akunyang'anye mbele ya watu. Mheshimiwa Inga, kidogo tu nikunyime kiti ulichopewa na wapiga kura. Nawaomba radhi nyote wawili. Ndugu Mkurugenzi, ninajua kwamba barua ya kuniteua kuwa naibu msimamizi iko mezani kwako na bado hujaitia saini. Usiitie mpaka uwe umelala na haya niliyosema. Ukiichana, sitauliza kwa nini.

Lakini ombi langu kwa mkutano huu ni jingine, na ni dogo. Nimechukua ratiba hii, ukurasa wa pili. Pale palipoandikwa kwamba Bi Una alikosea mara moja tu, nimelikata jina lake kwa mstari, nikaandika langu pembeni, na mbele ya jina langu nimeweka X kwa penseli. Ni karatasi yenye shaka, kwa hiyo naileta kwenu, nanyi mtaamua, kama alivyonifundisha mwanamke yule aliyekaa karibu na mlango na ambaye sasa anajifanya anatafuta leso.

Nawashukuru kwa kunisikiliza muda wote huu. Na wewe, Bi Una, asante kwa mwaka mmoja ulionibebea.

Hii hapa karatasi. Alama ni moja. Nia iko wazi. Ihesabiwe.